Mashine Iliyofundishwa Kusikia Hodi

Kitindamimba wangu hajawahi kukaa akamaliza kukaa. Siku ya kumzaa, mkunga alimdaka mlangoni, tayari anatoka. Sasa ni mwanamke mzima, anatengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda chenye meza moja, na sote twamwita Fundi. Hata kula hula akitembea, sahani mkononi, anaizunguka meza kana kwamba anaitafutia mlango.

Mwaka jana ule mtandao mkubwa tuliokuwa tukipigia soga ulilifunga kundi la ukoo wetu. Kosa letu hatukuambiwa. Miaka minane ya picha ikapotea, na pamoja nazo sauti za marehemu baba yake, za kuwatakia watoto asubuhi njema na kuwakaripia kwa pumzi hiyohiyo. Fundi aliandika kuuliza. Akajibiwa na mashine.

"Mama," akaapa, "hatupangi tena kwa watu. Tutajenga kwetu."

Kwetu kwenyewe ni kompyuta kuukuu isiyo na kioo, aliyoipandisha juu ya kabati langu la nguo. Ndani yake akajenga mtandao wa ukoo peke yake, usio na mwenye nyumba. Feni ya dude hilo ilivuma hata pazia likasimama mlalo kama bendera; jirani alileta shuka zake mbichi, zikakauka kabla hajafika nazo dirishani. Hayo niliyavumilia. Shida ilikuwa watu: hawaingii.

Wifi yangu, dada wa marehemu, ndiye aliyejaribu wa kwanza. Mtandao ukamtaka jina la kwanza, jina la mwisho, anwani ya barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, na neno la siri lenye herufi nane na tarakimu.

"Haijanikaribisha, imeshanihoji kama mwizi!" akasema. "Na hiyo tarehe kamuulizeni mama yangu, yuko kaburini."

"Shangazi, weka yoyote."

"Kumbe nyumba yenyewe inaanza na uongo!"

Neno la siri alilipata, akawa analiimba koridoni asilisahau. Ilipofika jioni watoto wa jirani walikuwa wakirukia kamba kwa neno hilo.

Aliyeleta hukumu ni kifungua mimba wangu, dereva wa lori. Huyo akikohoa, lori hujiwasha. Na akihama yeye, ukoo mzima huhama nyuma yake.

"Mdogo wangu," alimwambia Fundi kwenye simu, "nakupa mpaka Jumapili. Nitaingia mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi vinene. Usiguse kitu wala usinielekeze. Nikishindwa, wote tunarudi kule kwa wakubwa, na hilo dude unalishusha."

Basi nyumba ikakosa utulivu. Anaandika, anafuta, anang'ata kucha, anapanda kiti, anashuka. Ijumaa asubuhi yuko dirishani, mlango ukagongwa.

"Hodi!"

"Nani?" nikauliza.

"Mimi!"

"Pita."

Wifi akaingia. Fundi akaganda. "Mama, umemjuaje? Amesema 'mimi' tu."

"Sauti hiyo ingekuwa ya nani, ya mbuzi?"

"Mbuzi ni aliyemruhusu kaka yangu akuoe," wifi akanirudishia.

Fundi hakutusikia, ameshaparamia kiti. Kufikia adhuhuri maswali yote yalikuwa yamefutwa. Kilibaki kitufe kimoja kikubwa: unakigusa, unasema hodi. Sauti yako inawafikia waliomo ndani, nao wanaweza kukujibu. Anayekujua anagusa picha ya mlango, umeingia. Akatutanguliza ndani mimi na wifi; wifi naye akaitangaza anwani ya mlango koridoni.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu amepiga hodi, nimwache juani? Nikafungua. Akaja mwingine, nikafungua. Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa watu arobaini na mmoja, na ukoo wetu ukiuhesabu pamoja na mimba haufiki ishirini.

"Mama, huyu anayeuza dawa ya upara ni nani?"

"Simjui. Lakini ana adabu."

"Na huyu?"

"Huyo anajuana na yule wa upara."

Jicho lake moja lilicheka, jingine likalia, maana mle ndani mlikuwa na picha za watoto. Akawatoa wageni mmoja mmoja, kisha akaweka sheria: mlango utafunguliwa na watu wawili, na wote wawili waitambue sauti. Lakini Fundi kakatazwa kugusa, kwa hiyo wawili wenyewe ni mimi na wifi, na wifi simu yake huilaza chini ya mto eti ipumzike.

Jumapili mchana simu yangu ikasema, "Hodi." Ni dereva, yuko kwenye foleni ya mizani ya malori. Nikafungua upande wangu. Upande wa pili kimya.

"Hodi! Mbele yangu yamebaki malori manne."

Fundi akaanza safari: dirishani, kabatini, mlangoni, dirishani.

"Hodi! Mawili. Nikipanda mizani nazima simu, na jibu mtakuwa mnalo."

"Nimpigie wifi," nikasema.

"Usimpigie! Huko ni kuelekeza!" Akaninyang'anya simu, akanirudishia, akaninyang'anya tena.

Mara tukamsikia wifi mle mtandaoni, sauti nzito ya usingizi. "Nani?"

"Mimi!"

"Mimi nani? Jana akina 'mimi' walikuwa arobaini."

"Shangazi, fungua, foleni inasogea!"

"Mtoto wa kaka yangu hunisalimu kwanza."

Tukasikia breki, tukasikia honi za walio nyuma yake. Kisha lile jitu la tani thelathini likasema kwa unyenyekevu, "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Pita."

Akaingia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mmeniwekea askari jela mlangoni! Haya, nabaki. Waambieni na wengine waje." La pili likawa, "Ila maandishi yenu madogo kama mayai ya chawa."

Nilipiga kigelegele, dirisha likapata ufa. Fundi alikuwa amesikia lile la pili tu.

"Madogo kiasi gani?" akauliza, mguu mmoja uko kitini. "Kaka, usizime! Nisomee unachokiona!"

Akazima, zamu yake ya mizani imefika. Nimemwambia Fundi mara tatu kwamba tumeshinda. Anasema atanisikiliza akishuka.