Sabufa Mbili Uani kwa Shangazi

Kazi yangu hapa Kasongo ni kutengeneza redio, simu na kila kinachotoa sauti, na kwa miaka mingi nimejiita fundi bila kuona haya. Haya yenyewe nilikuja kuionea Kabambare, kwenye ua wa shangazi yangu, mbele ya watu walionijua tangu nabebwa mgongoni.

Mume wa shangazi alikuwa katekista. Alipofariki, ua wao ulinyamaza kama inavyotakiwa kwetu: mpaka matanga yamalizike redio haiwashwi, na hata simu ilipokelewa nyuma ya jikoni. Mwaka ulipokaribia kutimia shangazi aliniita tupange siku ya kumaliza matanga. Alikuwa na simu ndogo ya vibonyezo, na ndani yake dakika mbili za sauti ya mumewe, alizorekodi mwenyewe wakati mzee akiwa bado na nguvu ya kuketi mezani. Akaniwekea simu sikioni. Mzee alishukuru chakula, akawataja wajukuu wake mmoja mmoja kwa majina, akakohoa, jogoo akawika. Kila neno lilisikika.

"Nataka hii ndiyo ianze," shangazi aliniambia. "Mbele ya muziki, mbele ya wimbo ya kanisa. Watoto wasikie jina yao kutoka mu kinywa yake. Ulete tu zile spika ndogo ulileta ku arusi. Zile zilisema muzuri."

Nilimcheka. "Shangazi, zile iko sauti ya mbu. Nitakuletea kitu watu watasikia mpaka Lusangi."

Niseme kwa nini nilijibu hivyo. Mwaka uliotangulia nilinunua sabufa mbili zilizotolewa kwenye gari lililopinduka, zile spika pana za gari zinazopiga besi mpaka kifua kinatikisika. Kwetu sauti isiyotikisa kifua haihesabiwi kuwa sauti. Nikaziunga kwa haraka kwenye ampli, mashine ya kukuza sauti, pale sokoni, ampli ikatoa moshi mbele ya watu. Kwa wiki nyingi wenye pikipiki walinisalimu kwa kuuliza kama chakula kimeiva. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma hivyo mpaka nikaanza kukwepa soko.

Kwa hiyo safari hii nilisoma. Nilijifunza kwamba kila spika huukinza umeme kwa kipimo chake, kinachoitwa omu, na ampli nayo ina kiwango chake cha chini: ukiipa omu pungufu, itasukuma umeme kupita uwezo wake mpaka iungue. Ampli yangu mpya ilitaka omu nne, si chini ya hapo. Kila sabufa ilikuwa na koili mbili, yaani misokoto ya waya ndani yake, kila koili omu nne. Niliunga koili mbili za kila sabufa kwa kufuatana, zikawa nane. Kisha nikaunganisha sabufa zote mbili sambamba, na kipimo kikarudi nne. Nne kwa nne. Nilipima mara tatu kwa testa. Nilijaribu kutwa nzima kwa betri ya lori, nikiigusa ampli kwa kiganja, na ilikuwa vuguvugu tu. Sijawahi kujipenda kama siku ile.

Spika ndogo nikaziacha Kasongo, juu ya kabati.

Siku ya kumaliza matanga, saa nne asubuhi, ua ulikuwa umejaa. Shangazi alikuwa amenyolewa, amevaa kitenge kipya, ameketi kwenye mkeka na wajukuu wote mbele yake. Wanaume walikuwa wamezizunguka sabufa zangu wakinivika kilemba cha ukoka, nami nikawaeleza mambo ya omu ambayo hakuna aliyeuliza. Nilichomeka simu ya shangazi, nikainua mkono ili watu wanyamaze, nikabonyeza.

Kilichotoka hakikuwa mtu. Kilikuwa mngurumo, unapanda na kushuka, kama ng'ombe aliyefungiwa ndani ya pipa. Kikohozi kikapiga kama mlango. Mtoto mmoja akaanza kulia, wengine wakacheka, na kicheko cha watoto hakizuiliki. Majina yakapita yote, hakuna aliyesikia lake.

Nilijua papo hapo. Sabufa haisemi, kazi yake ni besi tu. Juu ya ampli kuna kitufe kinachoamua sauti gani ipite, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekiweka upande wa besi ili mpigo uwe mzito. Nilikuwa nimeilinganisha ampli na sabufa vizuri kabisa, sikumfikiria mtu atakayesema ndani yake. Ningeweza kukisogeza kitufe, nikasema nimekosea, tungepata japo nusu ya maneno. Ningeweza kuichomoa simu, wajukuu wakakaa karibu, ikasema yenyewe kwa sauti yake ndogo. Lakini wanaume walikuwa wananitazama, na nikakumbuka moshi wa sokoni.

"Shangazi," nikasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "enregistrement, ile ulirekodi, iko mubaya. Mu simu kidogo haionekane. Mashine kubwa ndiyo inaonyesha."

Alinitazama, akaitazama simu. "Unisamehe, mutoto wangu," akasema. "Mimi sijue hizi vitu. Nimekusumbua bure."

Aliniomba msamaha, tena mbele ya watu. Nami nikaupokea, nikaweka muziki, watu wakacheza mpaka jioni, na wote wakaisifu besi.

Nilirudi Kasongo na uongo ule. Nilijiambia kwamba mambo ya kilio huisha, kwamba shangazi amesahau. Wateja waliongezeka, kila mmoja akitaka besi kama ile ya Kabambare, na kila aliyeisifu alinichoma. Baada ya miezi miwili nilizishusha zile spika ndogo kabatini, nikazifunga kwenye pikipiki, nikaenda.

Nilimkuta akimenya karanga. Sikungoja hata maji ya kunywa. Nilimwambia simu yake haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu, nililijua siku ileile, na nilidanganya kwa kuogopa kuchekwa. Nikamwambia nimeleta spika alizoziomba, tuwaite wajukuu.

Mikono yake ikasimama.

"Nilifuta," akasema. "Watoto walikuwa wananiomba simu kila siku wamucheke babu yao. Na mimi, nikisikiliza, nasikia tu ile ya mashine. Ulisema iko mubaya. Wewe ndiye fundi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliomba msamaha, nikarudia, na maneno yakawa mepesi kama maganda yaliyojaa miguuni pake. Kisha shangazi akauliza polepole, akiwa bado ameinamia ungo wake.

"Basi nilirekodi muzuri?"

"Ulirekodi muzuri, shangazi. Kila neno ilisikika."

"Na majina yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa, akachukua karanga nyingine, akaendelea kumenya.