Uwele wa Mama na Ndege wa Jirani

Harufu ya unga wa uwele ukiingia kwenye maji yanayochemka hunirudisha kwenye vilima vya Kondoa, mwaka ambao mvua ilikuja kwa neema nami nilikuwa bado nahangaika na Juzuu Amma madrasani. Mwaka huo serikali ya kijiji iliamuru kila shamba lipandwe alizeti, na uwele usionekane tena kwa sababu unaita ndege. Mama alikuwa amekwisha kupanda wake nyuma ya nyumba, kwa bismillahi, kama miaka yote. Alizeti haisongwi ugali, na uwele ndio uliotulisha tangu baba afariki. Masuke yalipoanza kujaa, akaja mwenyekiti wa kijiji, mdogo wake marehemu baba, pamoja na bwana shamba na mgambo wawili wenye mapanga. Sisi watoto tulielewa kwamba chakula chetu cha mwaka mzima kiko kwenye yale mapanga.

Mama aliwakaribisha, akawapa maji ya kunywa.

"Shemeji," alimwambia mwenyekiti, "mliposema tuchimbe lambo, nilikuja na jembe langu. Ng'ombe wa mtu akiingia shambani kwangu, kwako ndiko ninakokimbilia. Kazi hizo ni zenu, Mungu awalipe. Sasa na chungu changu mnataka kunikorogea?"

Mgambo mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Bwana shamba, kijana mpole, alieleza kwamba ndege hawajui mpaka. Wakishiba kwetu watahamia kwenye alizeti ya jirani.

"Hapo umesema kweli, mwanangu," Mama akamjibu. "Wakivuka, tutawafuata huko huko."

Mwenyekiti aliugeukia ule uwele. Na yeye alikua akila ugali huo huo wa Mama. Akaamua ubaki, ila jirani akilalamika hata mara moja, utafyekwa.

Basi tukahamia juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia ndege. Tuligonga makopo, tukarusha mawe kwa kombeo, nami nikakariri sura zangu kwa sauti kubwa hadi Mama akasema ndege na shetani wamekimbia pamoja. Kundi likivuka, tuliruka chini na kulifuata hadi kwa Bi Zaina, jirani yetu, tukipiga kelele katikati ya alizeti yake. Hakulalamika. Alitupa viazi vya kuchoma, akatuomba tuje na kesho. Tulivuna, alhamdulillahi.

Leo naishi Dodoma mjini. Bomba la mtaa linatoa maji, njia ina taa, na kila Ijumaa nawaombea dua waliopewa kazi hizo. Juzi sokoni Majengo nilinunua uwele, wala hakuna aliyeniuliza nitapika nini. Shomoro wakatua kwenye gunia la muuzaji, mkono wangu ukainuka wenyewe, na ule ukelele wa dunguni ukanitoka.

"Waache, bibi, hawamalizi," yule muuzaji kijana akasema akicheka.

Lakini walikuwa wamekwisha kuhamia gunia la jirani yake, nami nikawafuata huko huko.