Nilimfanyia Mdogo Wangu Mtihani wa Seva

Kosa ni langu. Nalitanguliza hilo kwa sababu nikianza na habari za mdogo wangu utamwonea huruma yeye, kisha utanionea na mimi, na mimi sistahili. Jina langu sitalitaja. Yeye nitamwita Somoe, ingawa sivyo anavyoitwa.

Tumezaliwa Nambilanje, kwa baba mkulima wa korosho na ufuta. Mimi ndiye mkubwa. Miaka ile ya elfu mbili, kompyuta zilipoanza kuonekana huku kwetu, nilipata kazi Nachingwea ya kufundisha kwenye kituo kidogo cha mafunzo. Kituo kikanipeleka Dar kusoma kozi ya seva, yaani namna ya kuunganisha kompyuta za ofisi nzima kwenye mashine moja kubwa, kila moja ipate anwani yake, kila mtu apate paswedi yake, nani aone nini na nani asione.

Niliipenda kozi ile mpaka nikawa naota nyaya.

Lakini mtihani wenyewe, ule wa kimataifa unaokupa cheti, sikuufanya. Kituo kilitaka ujuzi tu, cheti hakikuwahusu. Nikarudi Nachingwea na dukuduku moyoni. Sikujua kama kweli ninaweza au najidanganya.

Somoe alikuwa Ruangwa mjini, akipokea wageni kwenye ofisi ya shirika moja lililokuwa linafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu vijijini. Bosi wake, mama mmoja mpole, alimpenda kwa uaminifu wake. Shirika lilipoletewa seva, mama yule akamwambia, "Nakutuma wewe Dar ukasome. Ukirudi na cheti, mashine hii utaishika wewe."

Somoe akaenda. Kozi ilipokaribia kwisha alinipigia simu.

"Dada, sielewi kitu. Wenzangu wanaandika, mimi nawaangalia."

"Mtihani lini?"

"Wiki ijayo. Nitafanya, nitafeli, nitarudi nimwambie mama nimefeli. Atanirudisha mapokezi. Kufeli si dhambi, dada."

Hapo ndipo nilipomharibia. Mwenzangu alikuwa ameshapata njia ya kutokea, tena njia safi. Mimi ndiye niliyeiziba.

"Hukutumwa huko ukafeli," nilimwambia. "Nakuja."

Aliponiona Dar alijua ninachotaka kabla sijafungua mdomo. Tunafanana sana, tangu utotoni watu walikuwa wanatuchanganya. Na picha ya kwenye kadi yake ya mpiga kura ilikuwa nyeusi tu, ungeweza kusema ni yeye, ni mimi, hata shangazi yetu. Somoe alilia. Alisema, "Dada, tuache." Nikamwambia nafanya kwa ajili yake.

Nilimdanganya. Nilikuwa nautaka ule mtihani mimi.

Niliingia kwenye kituo cha mtihani kwa jina lake, majibu yakatoka hapo hapo: nimefaulu, tena vizuri. Binti wa mapokezi alinipa mkono akasema, "Hongera sana, Somoe." Nikatoka nje nimejaa furaha. Mwenye jina alikuwa amesimama ukutani ananisubiri, na hakuniuliza nimepata ngapi.

Basi, akarudi Ruangwa na cheti, akakabidhiwa seva.

Mwanzo nilikuwa napanda gari Jumamosi, ofisi ikiwa haina watu, nakwenda "kumsalimia mdogo wangu". Nilichomeka nyaya, niliseti kila kitu. Somoe alikuwa ananiuliza, "Hapo umefanya nini, dada?" Namjibu, "Nitakuelekeza siku nyingine, nisipitwe na gari." Sikumwelekeza. Mtu akisoma haya asidhani nilikosa muda. Muda ulikuwepo. Nilipenda kuwa ndiye ninayejua.

Siku za kazi alinipigia simu. Mimi niko darasani Nachingwea, natoka nje, namwongoza: bonyeza hapa, andika hivi, soma kinachotokea. Wanafunzi wangu walidhani nina mchumba msumbufu.

Ikaja masika. Barabara ya Ruangwa ikawa tope tupu, magari yanalala njiani. Siku moja asubuhi umeme ulikatika kwao, uliporudi seva ikagoma kuwaka vizuri. Ofisi nzima imekaa, bosi amesimama mlangoni, na Somoe amejifungia na mashine, ananipigia.

"Dada, kuna maandishi mapya. Inauliza nifute diski nianze upya, au nirudi nyuma."

Simu ilikuwa inakwaruza, maneno yanakuja nusu nusu.

"Usiifute," nikamwambia.

"Unasemaje?"

"Usiifute!"

"Niifute?"

Nikasema tena, na simu ikakata. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena na tena, nimesimama kwenye manyunyu, nalia kwa hasira. Ilipokuja kupatikana sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo.

"Nimefuta kama ulivyosema, dada. Sasa inaendelea vizuri."

Nilikaa chini kwenye ngazi za darasa. Kumbuka nilivyosema: usiifute. Mtandao ulikula ile "usi" ya mbele, akasikia "ifute". Ningeweza kusema "rudi nyuma", maneno ambayo hata yakikatika hayageuki. Sikufikiri.

"Nakala ya akiba iko wapi?" nikamuuliza.

"Nakala gani?"

Hakujua kuna kitu kama hicho. Angejuaje, na mimi sikumfundisha wala sikuitengeneza?

Kilichofutika ni majina ya wagonjwa, nani anaishi Matambarale, nani Nambilanje kwetu, nani amefikia wapi na dawa. Karatasi za zamani zilikuwepo, za wagonjwa wapya nyingi hazikuwepo. Watumishi wa shirika wakaingia vijijini na pikipiki kwenye tope kuwatafuta watu upya, nyumba kwa nyumba. Wengi walipatikana. Wengine walikuwa wamehamia mashamba ya mbali, na dawa zile hazitaki kukatizwa. Mpaka leo sijui yaliyowapata. Nikimsikia mtu anakohoa sokoni nageuka kumtazama.

Bosi akaleta kijana fundi kutoka Dar. Fundi akamuuliza Somoe mambo madogo tu, ya siku ya kwanza darasani. Akashindwa. Yule mama akafunga mlango, wakabaki wawili.

"Mwanangu, nani alikufanyia mtihani?"

"Nilifanya mwenyewe."

"Somoe, nisaidie nikusaidie. Ni nani?"

"Nilifanya mwenyewe, mama."

Akafukuzwa siku ile ile. Haya alinisimulia yeye usiku, kwa simu, na hakunilaumu kwa neno hata moja. Nikamuuliza, "Nije niseme ukweli?" Lakini niliuliza kwa ile sauti ya mtu anayeomba akataliwe.

"Usije," alisema. "Wewe una kazi. Tukianguka wote baba atamtegemea nani?"

Nilipumua. Hilo ndilo ninaloungama hasa, kuliko mtihani, kuliko diski. Mdogo wangu amefukuzwa kwa jina baya, na mimi nikapumua.

Alirudi Nambilanje akashika jembe. Kijiji kikasema amefuta majina ya wagonjwa kwa makusudi, wengine wakasema alihongwa. Ndugu wa mgonjwa mmoja walikuja kumtukana mpaka uani, baba akiwa amekaa pale pale. Kijana aliyekuwa ameshaanza kumposa akanyamaza. Nilikuwa nakwenda na sukari na vitenge, nakaa naye siku moja, narudi Nachingwea. Mazungumzo yalikuwa yanatuishia mapema.

Mwaka uliofuata aliondoka na mwanamke mmoja jirani yetu, mwenye ndugu Msumbiji, kwenda kulima huko. Alinipigia mara chache kwa namba za watu. Baadaye namba zote zikawa hazipatikani.

Nilijaribu kufanya mtihani kwa jina langu mwenyewe. Nilifika kwenye kituo kile kile cha mtihani Dar, binti wa mapokezi akanyanyua uso akatabasamu. "Somoe! Umerudi kwa mtihani wa juu?" Nikasema nimepotea njia, nikageuka. Kitu nilichokipenda kuliko vyote nimekifunga kwa mkono wangu, na nasomesha watoto wa watu wanakwenda kukipata.

Nikaenda Ruangwa kumtafuta yule mama nimwambie. Mradi ulikuwa umeshafungwa, ofisi imekodishwa kwa duka la vifaa vya ujenzi. Hakuna aliyejua amehamia wapi.

Akabaki baba. Yeye kila nikienda alikuwa na wimbo mmoja: "Wewe elimu umeishika, mwenzio ameichezea." Siku moja mchana tulikuwa uani tunapepeta ufuta, akauimba tena. Nikaweka ungo chini, nikamwambia kila kitu. Nilianza kwa Kiswahili nikamalizia kwa Kimwera ili pasibaki neno asiloelewa. Mtihani ni mimi. Kuseti ni mimi. Simu ni mimi. Somoe alitaka kufeli kwa haki, mimi nikamkataza.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akafuta macho kwa kiganja.

"Mwanangu," alisema, "toka mdogo una huruma. Unajibebesha ya mwenzio ili nimsamehe."

"Baba, si huruma. Ndivyo ilivyokuwa."

"Haya. Nimemsamehe, kwa ajili yako."

Nikalia, nikaapa, nikamshika magoti. Kadiri nilivyolia ndivyo alivyozidi kuamini kwamba namtetea. Jioni nikamsikia anamsimulia jirani juu ya moyo wangu mzuri. Na jirani anasema, kweli, yule mkubwa ni mtu.

Sina pa kupeleka neno hili tena. Ndiyo maana nimeandika hapa, kwako usiyenijua na usiye na sababu ya kunipenda.

Wewe ambaye umembebesha mtu kosa lako na bado yuko karibu, mtu ambaye ukimwita leo ataitika, usingoje mpaka upate ujasiri. Kaseme leo, kabla watu hawajazoea kukuona wewe ndiye mwema. Wakishazoea, utasema ukweli mpaka sauti ikauke, na watakusifu.