Dakika Tatu za Stearati

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilivuliwa saa, pete na kofia, nikapewa koti jeupe na kitambaa cha kufunika nywele. Kisha Meneja Uzalishaji akanitazama kidevu akasema, "Na hizo ndevu nazo." Nikanyoa. Jioni niliporudi Mtoni mke wangu alinikaribisha ndani kama mgeni, akacheka mpaka akakaa chini.

Kilikuwa kiwanda cha dawa, upande wa barabara ya Pugu, na mie nina darasa la nne tu. Nilianza kwa kubeba magunia ya wanga, baadaye nikaingizwa chumba cha kuchanganyia. Msinicheke nikieleza mambo ya wasomi, nayaeleza nilivyoyashika kwa mikono.

Kidonge si dawa peke yake. Dawa huchanganywa na wanga, ikalowanishwa, ikakaushwa, ikawa chenga ndogo kama za mchele. Chenga zile zinaingia kwenye mashine. Chuma cha juu kinashuka kuzibana ndani ya kitundu, cha chini kinasukuma kidonge nje, na hapo ndipo penye ugomvi. Bila kilainishi kidonge kinang'ang'ania chuma, kinabanduka uso, na mashine inalia kama bawaba kavu. Kilainishi chetu kilikuwa stearati, unga mweupe, mwepesi, unaoteleza vidoleni kama poda ya mtoto.

Sasa, stearati ina asili ya mafuta. Hutiwa mwisho kabisa, kidogo sana, ikiwa imechekechwa, na pipa la kuchanganyia huzungushwa dakika chache. Kwetu zilikuwa tatu. Mama yangu alikuwaga muuza vitumbua. Kila shimo la kikaango alilipaka tone la mafuta, lakini siku moja nilipoyamimina kwenye uji wenyewe alinipiga mwiko wa mgongo. Nadhani alikuwa na haki. Kitu kingine chochote ukikichanganya sana kinakuwa kizuri zaidi, ila hiki. Ukizidisha, mafuta yanaivika kila chenga. Kidonge kinatoka kinang'aa, lakini ni laini, na maji hayakiingii. Mgonjwa anakimeza, kinapita tumboni kama kokwa la zambarau.

Nilikaa chumba kile miaka sita kabla hajaja Rehema, binti wa Mabibo mwenye kidato cha nne. Ni mie niliyemfundisha kushika chekeche. Mwaka haukuisha, akawa amesimama mlangoni tu, anasikiliza mashine ya chumba cha pili, anasema, "Kaka Saidi, stearati haijaenea," na inakuwa kweli. Mie sikusikia kitu. Kwangu mashine ilikuwa kelele, basi.

Meneja alipotafuta msimamizi wa chumba, alimteua yeye.

"Saidi, wewe una mikono," aliniambia. "Huyu ana masikio. Mikono naipata popote."

Wivu wangu nauandika ulivyokuwa. Nilichukia hata anavyofunga barakoa. Alipoleta maandazi ya watu wote nilisema nimefunga, na Ramadhani ilishapita. Wapakiaji nao wakapata la kusema, "Braza, bosi wako anakutafuta. Ukimaliza umwamkie shikamoo."

Siku moja tunachanganya dawa ya maumivu. Stearati imeshatiwa, pipa ndiyo limeanza kuzunguka, Rehema akaitwa ofisini.

"Kaka Saidi, dakika tatu zikitimia zima, nakuomba."

Alisema nakuomba, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikasimama mbele ya swichi nikitazama saa ya ukutani. Ya tatu ikapita. Nikajiambia, yeye si ndiye msimamizi, aje azime. Ya kumi ikapita. Nilijua vizuri ninachofanya. Ya ishirini nikazima, nikakaa.

Aliporudi akauliza, "Umezima ya tatu?"

"Ya tatu."

Akajaza fomu, akatia sahihi yake.

Mashine siku ile haikulia hata kidogo. Vidonge vilitoka vinameremeta. Lakini Mkuu wa Maabara, mama mmoja asiyecheka, alivitia kwenye maji ya uvuguvugu, vikakaa nusu saa vimetulia kama kokoto. Mzigo wote ukateketezwa, sie tukaitwa.

"Nani alikuwa kwenye pipa?" aliuliza Meneja.

"Nilitoka kidogo, nikamwachia Kaka Saidi," alisema Rehema. "Ila sahihi ni yangu."

"Saidi, ulizima ya ngapi?"

"Ya tatu, bosi."

Rehema alitazama viatu vyake. Alipelekwa kupakia vidonge kwenye makopo, na usimamizi nikapewa mie.

Nilidhani wivu utaisha. Wiki haikupita vidonge vikaanza kunata, nami sijui kama tatizo ni unyevu au stearati. Nikaenda chumba cha makopo, nikamnong'oneza, "Njoo usikilize mara moja." Akaja. Akainamisha kichwa, akasema, "Stearati ilikuwa na madonge, hukuichekecha sawasawa." Akarudi kwenye makopo yake. Miaka tisa nilikuwa msimamizi hivyo hivyo, kwa masikio ya mtu mwingine, na kila alipoinamisha kichwa kile nilitamani niking'oe nikivae mie.

Nilipostaafu sikupata raha. Nikamfuata Kiwalani alikohamia alipoolewa, nikamkuta anakuna nazi uani. Alinipa shikamoo na kigoda, nami nikamweleza yote, mpaka ile ya ishirini.

"Najua," alisema, anaendelea kukuna.

"Tangu lini?"

"Siku ileile. Chumba kilikuwa cha watu wawili, Kaka Saidi, na mie nilikuwa ofisini."

"Mbona hukunitaja?"

"Ningesema nini? Nilitia sahihi kitu ambacho sikukiona." Akakung'uta mbuzi ya nazi. "Nilikasirika mwaka mzima. Halafu nikachoka. Wewe ulikuwa unaitaka kazi ile kuliko mie."

Akanipakulia wali. Nilikwenda pale kutua mzigo, nami nilidhani nitamkuta ana uchungu unaolingana na wangu. Hakuwa nao. Nilikula huku nikimtazama, na nawaambia ukweli, sijawahi kumwonea wivu kama siku ile.