Kidole cha Bi Verna

Kwenye uwanja wetu wa mbio hapa Indiana, ukishinda daraja la magari ya kawaida hupewi kikombe mpaka ufungue injini mbele ya Verna Stuckey, bibi wa miaka sabini na moja anayekagua huku akila hindi la kuchemsha. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, lazima iwe kama ilivyotoka kiwandani. Matundu yake hutoka yakiparuza; ukiyasugua yawe laini ili hewa ipite kwa wingi, umeiba.

Mimi ndiye mshika tochi wake. Wasio na hatia hulalamika kufunguliwa injini. Lonnie Haddix, mshindi wa siku hiyo, alifungua yake akipiga mbinja.

Verna akafuta vidoleni siagi ya hindi, akapitisha kidole cha mwisho tundu la kwanza mpaka la nane.

"Umeyasugua, halafu ukayaparuza upya."

"Gusa tena, mama. Yanaparuza yote."

"Yote nane, sawasawa. Kiwandani nani ana subira hiyo? Kikombe hupati."

Lonnie akanuna. "Umejuaje lakini?"

"Mimi nilipolifanyia hivyo hivyo gari la marehemu mume wangu," Verna akasema, akilirudia hindi lake, "nilikumbuka kuyakosea mawili makusudi. Kikombe chake kiko sebuleni."