Rangi ya Mwisho ya Ken

Scovia alikuwa mchuuzi wa samaki. Alfajiri alishuka Mbita kungoja mashua kutoka Mfangano, akapakia ngege na mbuta kwenye gari lake kuukuu, akarudi Rangwe kabla jua halijawa kali. Samaki hangoji mtu, na Scovia naye hakujua kungoja. Ila mumewe, Ken, alimngoja apone kwa muda mrefu, na alichokipata ni kaburi.

Ken alikuwa fundi wa kupiga rangi magari mjini Migori. Gari hilo walilinunua likiwa limechubuka kila upande. Akalipaka buluu aliyoichanganya mwenyewe, akijaribu na kukosa, akiongeza tone la kijani hapa, la nyeusi pale, mpaka ikafanana na ziwa la asubuhi kabla upepo haujaamka. Hakupima wala hakuandika. Alipofika kwenye bampa ya nyuma, kifua kilikuwa kimeshambana. Aliipaka akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Kikohozi kikamshika, mkono ukatikisika, rangi ikateremka kama chozi, ikakaukia hapo.

"Nitairekebisha nikipata nguvu," alisema.

Nguvu hazikuja. Walimzika nyumbani, Rangwe, msimu wa mvua.

Baada ya hapo, kila alipoosha gari, Scovia alipitisha kidole juu ya ule mchirizi. Wengine wana picha ukutani. Yeye alikuwa na mchirizi wa rangi.

Mwaka uliopita bomba la ekzosi lilikatika kwenye mashimo ya barabara, gari likiwa limejaa samaki na barafu. Fundi wa kuchomelea aliyekuwa karibu alikata sehemu iliyooza, akaunganisha iliyobaki, akamwambia aende. Scovia akashukuru, akaenda. Hakujua kwamba sasa bomba lilikuwa fupi, na kwamba mdomo wake ulikuwa umejificha chini ya bampa, ukiipulizia moshi wa moto kutoka chini.

Siku nyingine alisikia harufu ya plastiki inayoungua, akadhani ni watu wanaochoma takataka. Aliyeona ni binti yake, Emmah, alipokuwa akishusha makreti ya samaki.

"Mama, rangi imevimba huku nyuma."

Scovia aliinama. Juu tu ya bomba, ile buluu ilikuwa imegeuka hudhurungi, ikafura kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Aligusa. Kipande kikabanduka, kikamnata kidoleni.

Alifanya kila alilolijua. Alikunja karatasi ya fedha ya kufungia chakula, akaibandika chini ya bampa kwa utepe wa gundi. Kufika Homa Bay gundi imeyeyuka na karatasi inaning'inia. Akafunga kitambaa kilicholowa maji, kikakauka njiani, kikaanza kunuka moshi. Malengelenge yakazidi kutambaa kuelekea kwenye mchirizi. Ndipo akapita Rodi, akateremka Migori kumtafuta Gisiri, Mkuria wa Kegonga, aliyefanya kazi na Ken tangu ujana wao.

Gisiri alilala chali chini ya gari. Alipotoka, alijipangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shemeji, huyu aliyekata bomba ameliacha fupi. Na mipira inayolining'iniza ameifupisha, kwa hivyo limepanda juu. Halafu ukipakia samaki, nyuma inalala, moshi haupati pa kutokea. Unaipika bampa."

"Unaweza kuizuia?"

"Hiyo ni rahisi. Nitaongeza kipande, mdomo utokeze nje ya bampa. Nitaweka mipira mipya, bomba lishuke. Kisha nifunge bati la alumini katikati. Lisigusane na bampa, nafasi ya kidole iachwe, hewa ipite. Ukifunga bati likagusa plastiki, ni kama hujafanya kitu."

"Na rangi?"

Gisiri alitazama chini. "Iliyoungua haiponi, shemeji. Lazima itolewe. Naweza kuikaribia rangi ya Ken, lakini kuifikia siwezi. Alichanganya kwa jicho lake, na jicho alienda nalo."

Mchirizi wenyewe ulikuwa umepasuka katikati. Scovia akanyoosha mkono.

"Nipe msasa. Nitatoa mwenyewe. Iliyokufa tu, ile nzima usiiguse."

Gisiri alimpa msasa, akaingia ndani, akarudi na barakoa.

"Funika pua kwanza. Ken nilimwambia kila siku. Alikuwa anajifunga leso, anacheka, ananiita mwoga."

Hapo ndipo Scovia aliposhindwa. Matanga aliyapitisha akihudumia wageni. Shambani hakulia, sokoni hakulia. Sasa alichuchumaa nyuma ya gari, msasa mkononi, akalia mpaka mafundi wa gereji ya jirani wakazima mashine yao.

"Mos, shemeji," Gisiri alimpa pole kwa Kijaluo chake cha kuokoteza. "Mos."

Alipotulia alivaa barakoa, akasugua. Vumbi la buluu likamjaa viganjani. Mchirizi ukaisha. Gisiri akamaliza kazi ya bomba na bati, akapaka pale palipobaki wazi.

Wiki iliyofuata, Mbita, baada ya safari ndefu, Scovia aliweka kiganja kwenye bampa. Ilikuwa na uvuguvugu tu. Priscah, mchuuzi mwenzake, alikuwa akilizunguka gari kwa macho.

"Mama Emmah, mbona hapa rangi ni mbili? Nani alikupigia hii?"

"Hiyo kubwa ni ya mume wangu," Scovia alisema. "Hiyo ndogo ni ya rafiki yake."

Priscah alishika kreti upande mmoja, Scovia akashika wa pili, wakapakia.