Rekodi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliugua selimundu tangu utotoni. Jembe la pamba hakulishika, shule aliiacha kidato cha pili, na ndugu zetu wa Lalago walizoea kumuuliza mama, mbele yake, kama "yule mgonjwa" bado yupo. Jamani, watu! Yeye alikuwa anacheka tu. Miaka ishirini na sita, anacheka.

Lile gemu la kwenye TV nililinunua mnadani hapa Bariadi, la zamani, lile la kuchomeka kanda kwa juu, waya wa pedi ya kubonyezea umezungushiwa selotepu. Kandege kako kanakaa chini, maadui wanashuka kwa safu, unafyatua risasi mpaka wakumalize. Mimi nilikuwa nakufa hatua ya tatu. Yeye aliweka mto chini ya nyonga inayomuuma, akawachakaza wote. Siku moja alipiga kelele, mama akatoka jikoni mbio na mwiko, akidhani maumivu yameanza. Kumbe amevunja rekodi. Gemu likamtaka aandike herufi tatu, akaandika za jina lake, juu kabisa ya orodha.

"Dada," akaniambia, "maishani mwangu sijawahi kuwa wa kwanza kwenye kitu chochote."

Shida ni kwamba mashine ile haihifadhi kitu. Ukiizima, rekodi imekwenda. Wiki hiyo hiyo maumivu yakamshika kweli, tukampakia kwenye bajaji kwenda hospitali. Akanivuta kanga: "Usizime. Nikirudi nataka niivunje tena." Nikamwahidi, mama akisikia. TV niliizima, mashine nikaiacha na taa yake nyekundu, na yuniti za umeme nikahakikisha haziishi. Siku tisa! Umeme wetu huu, unaokatika wingu likitanda tu, siku hizo tisa haukukatika hata mara moja. Nikaanza kuamini atapona. Mjinga mimi.

Siku ya kumi, asubuhi, alifariki.

Kwetu msiba ukiingia, kabla hata mwili haujaletwa, sebule inatolewa kila kitu, mikeka inatandikwa, wanawake wanakaa chini na mfiwa. Shangazi, dada yake baba, alifika akaanza kuamrisha: makochi nje, meza nje, kabati nje. Mama alikuwa ameshakalishwa mkekani, ameegemea ukuta. Mimi nilifanya kazi kama mlevi. Nilibeba, nikasukuma, nikafagia. Nikachomoa nyaya zote ukutani, nikatoa TV na mashine uani. Nilitaka pawe pasafi, apokelewe kwa heshima. Nilikuja kukumbuka nikiwa nimesimama juani, waya uko mkononi. Nikakaa chini pale pale, nikapiga yowe. Watu wakasema mwacheni alie, ndugu yake huyo.

Tulipomaliza kuzika na watu kutawanyika, nikaanza kazi ya kipuuzi: kuirudisha ile rekodi. Mama hajui kusoma, lakini zile herufi tatu alizijua kwa umbo, mdogo wangu alimwonyesha. Nilitaka azikute pale pale juu, asijue kamwe nilichofanya. Nikacheza siku tatu mfululizo, sili, sipiki. Nakufa hatua ya tatu. Vidole vikaota malengelenge, nakufa. Nililitukana lile gemu, nikamtukana na shangazi, nikajitukana na mwenyewe.

Alasiri moja mama akaja akakaa karibu yangu, akatazama kandege kangu kakilipuka.

"Acha, mwanangu," akasema. "Niliona."

"Uliona nini, mayu?"

"Siku ile, ukichomoa. Nilikuwa mkekani, nakutazama. Ile taa yake nyekundu niliiona ikizima."

Nikamuuliza, na kwa hasira, Mungu anisamehe, kwa nini hakunizuia.

Akajifuta uso kwa pindo la kitenge.

"Neno lilikuwa mdomoni, mwanangu. Niliona aibu. Watu walishajaa ndani. Mtoto wangu amekufa, mimi niseme habari ya gemu?"